Dole Gumba la Mama

Stumai, upo? Pokea simu basi! Nimetoka ofisi ya kijiji sasa hivi.

Unaukumbuka ule mkutano wa barabara niliokusimulia? Mama alipoweka dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio? Leo wameitoa. Juu yake wamebandika ukurasa mwingine: "Sisi tuliosaini tumekubali kuachia maeneo yetu kwa hiari."

Kwa hiari, Stumai! Shamba la migomba, na kaburi la baba limo humo humo!

Nikamwambia mtendaji, haya yalikuwa mahudhurio. Hata macho hakunyanyua. "Madam, wewe ni mwalimu, unajua kusoma. Mbona umesaini kama shahidi wake?"

Na kweli jina langu lipo: Loyce, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mama alisita siku ile. Mimi ndiye niliyemshika kidole, nikamwambia kwa Kinyakyusa, weka tu mama, ni kuonyesha tumekuja.

Greda linaingia Jumatatu. Nifanyeje?

Na mama alikuwa kakaa pembeni yangu muda wote, Kiswahili cha ofisini hakielewi. Akanivuta kitenge: "Wanasemaje, mwanangu?"

Stumai, nimemwambia wanatusalimia.