Ng'ombe wa Baba Zizini Kwangu

Runzewe, Jumanne

Na sasa nitawapeleka wapi?

Asubuhi nilisimama mnadani nikatangaza karantini: homa ya mapafu imeingia, ng'ombe yeyote asitoke kijiji kimoja kwenda kingine. Wafugaji walinisikiliza kimya. Nikajisifu moyoni kwamba wameelewa.

Jioni narudi nyumbani, nakuta ng'ombe wageni zizini. Baba amekaa kwenye kigoda, miguu vumbi tupu, anakunywa maziwa aliyopewa na Mama Kulwa, mke wangu.

"Shikamoo, baba. Hawa ni wa nani?"

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ni wangu. Ugonjwa umefika kwetu, nikawagawa kwa ndugu kama alivyofanya babu yako. Zizi moja likifa, jingine linabaki. Na wewe ndiye bwana mifugo, kwako ni salama kuliko kote."

Ningegombaje? Ndivyo tulivyolelewa sote. Ndiyo maana wale wa mnadani walikaa kimya: walikuwa wameshagawa wa kwao.

Kuwarudisha siwezi, amri yangu mwenyewe inakataza. Nikiwataja ofisini, watachinjwa mzee akiangalia. Nikinyamaza, kesho watakunywa kwenye lambo moja na ng'ombe wa jirani, halafu...

Baba amelala chumba cha pili, anakoroma kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa hivi nimesikia kikohozi. Nimemwomba Mungu kiwe cha baba, lakini yeye bado anakoroma.