Nilichobeba Kooni Mwangu

Mbotela, Nairobi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, Mama, na shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unaweza kusali umesimama. Na Dada je, yeye na kichanga chake? Mimi mwili wangu ni mzima kabisa, na huo uzima ndio unaoniaibisha.

Najua ulisikia kwamba tumemaliza mafunzo na kupewa likizo, ukanitandikia kitanda. Sikuja. Niko kwa Shangazi Mwanaisha, na nataka sababu uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Kule kambini kurutu mwenzetu, Kiprono, aliamka analia kichwa. Shingo ikakauka kama ubao, mwanga hautaki. Jua halijatua akawa amefariki. Homa ya uti wa mgongo, Mama. Tulikuwa tukilala vitanda vimebanana, kwa hiyo madaktari wa jeshi walitupanga foleni wakatuchanja sote. Mkono uliniuma, lakini nilifurahi. Nilidhani ugonjwa ule nimeufungia nje.

Nilipofika hapa Mbotela nikawa najivuna. Vijana wa mferejini walinipigia saluti ya mzaha, "Sasa, afande!" nami nikawaambia nimechanjwa, hakuna homa ya kunigusa. Saumu, yule mjukuu wa Shangazi asiyenyamaza, alining'ang'ania kama kupe. Tulikula sahani moja. Nilikuwa nambusu mashavu mpaka anapiga kelele.

Siku moja baada ya adhuhuri mtoto akawa moto. Shangazi akadhani ni malaria. Nilipomwinua kichwa nimpe maji, shingo haikukunjika, na uso akauficha mwanga wa dirishani usimfikie. Palepale nikamkumbuka Kiprono. Nilimbeba nikakimbia naye hadi Jogoo Road, nikajitupa mbele ya gari la mikate. Dereva alimtazama mtoto mara moja tu, akafungua mlango, akatufikisha hospitali. Saumu akalazwa, homa ileile.

Kisha bwana afya alikuja na vijiti vya pamba, akapangusa koo la kila mtu nyumbani. Aliporudi na majibu alinitaja mimi peke yangu, mbele ya majirani waliokuja kumpa Shangazi pole.

"Mimi? Mimi nimechanjwa!"

"Ndiyo maana wewe huumwi," akasema. "Chanjo inakulinda wewe. Koo haikulifagia. Vijidudu vinaweza kukaa humo bila kukusumbua, halafu ukikohoa, au ukimbusu mtoto, vinahamia kwake."

Hakunilaumu. Alisema mtu yeyote mwenye afya anaweza kuvibeba asijue, wala yeye hawezi kuapa kwamba Saumu alivipata kwangu. Lakini jirani mmoja alikwisha kumvuta mwanawe nyuma. Kesho yake nikasikia nje, "Ni huyo jamaa wa jeshi alileta hiyo ugonjwa." Mahamri anayouza Shangazi yalibaki kwenye sinia hadi yakakauka. Alipika chai, tukayala wenyewe.

Nilipewa vidonge vilivyogeuza mkojo wangu kuwa mwekundu, nikapimwa tena, koo likaonekana safi. Ningeweza kupanda basi nije. Nilipomfikiria mtoto wa Dada, miguu ikakataa. Hata wadini nilikuwa siendi, mpaka Shangazi akachoka nami.

"Mtoto anakutafuta, wewe umejificha nyuma ya pazia kama mwari. Vaa viatu!"

Tulimkuta Saumu ameketi kitandani, ametupa mgongo. Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti ya gwaride, wadi nzima ikageuka, yeye hakugeuka. Nilipomtazama Shangazi, nikaona alikuwa anajua tayari.

"Masikio yamekwenda," akasema. "Roho imebaki. Alhamdulillahi."

Ndipo Saumu akaniona, akanyoosha mikono. Mimi nikarudi nyuma. Mama, nilirudi nyuma mbele ya mtoto yule. Shangazi akanisukuma begani.

"Mchukue, Bakari. Ukimkimbia atadhani yeye ndiye mwenye makosa."

Nikamchukua. Amekuwa mwepesi. Akaanza kunieleza mambo yake kwa sauti ya juu sana, maana hajisikii, nami nikawa namjibu kwa kutikisa kichwa, machozi yakinitoka mbele za watu.

Siku za likizo zilizobaki zimeishia pale wadini, na sasa narudi kambini. Tumejifunza kusemezana kwa mikono. Maji, uji, njoo, nyamaza. Hilo la mwisho halifuati.

Nisalimie Baba, na umweleze mwenyewe, kwa upole wako. Nisalimie Bibi, na Mjomba fundi cherehani, na mwalimu wangu wa chuoni, anisomee dua. Shangazi anawasalimu nyote.

Dada mwambie asinione nimemdharau kwa kutokuja kumwona mwanawe. Siku nikija, nitasimama mlangoni kwanza. Akiniita ndani, nitaingia.

Ni mimi mwanao, mwenye haya mbele yako,
Bakari