Jirani Mpya Ana Lifti

Jumatatu, 3 Machi

Ghorofa la ng'ambo ya barabara limekwisha kujengwa. Lina lifti! Taa za bango lake zinaingia hadi chumbani kwangu. Sawa. Nami nina vyumba sita vya matofali mazito, marehemu mume wangu aliyapanga kwa mikono yake. Vya zamani, ndiyo, lakini havijawahi kuvuja. Nasema kifua mbele.

Fundi cherehani, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, kaalikwa akaone huko Jumamosi. Naenda kuangalia tu, mama, anasema. Kuangalia tu! Wapangaji wote wanamsikiliza yeye. Akihama, watamfuata.

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa gauni la zambarau alilonishonea fundi, nikaenda kule kujifanya natafuta nyumba. Dalali kanipokea kama malkia. Marumaru zinang'aa, jiko zuri — haki yao nawapa. Ila nimegonga ukuta. Unalia kama kopo! Nikagonga mwingine. Kopo! Nikauliza, na mtu akitaka kushona humu? Dalali kakuna kichwa: cherehani hairuhusiwi, majirani watalalamika.

Nimerudi kwa maringo, barabara naiona nyembamba. Halafu nikakumbuka — nitamwambiaje fundi bila kukiri kwamba nilikwenda kuchungulia? Mimi, mwenye nyumba mzima!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka rangi mlango wa mbele. Kijani. Umependeza! Fundi kauliza mbona nimenuna. Sijanuna, nimemwambia, kila mtu na uamuzi wake. Ulimi umeniwasha kutwa nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi karudi kutoka kule. Kaketi kwenye ngazi ya mlango, cherehani hajaigusa. Kule wanataka jibu kesho. Kuhusu kushona hawakumwambia kitu, wajanja wale! Ila dalali ana maneno mengi — kamsimulia habari za mama mmoja aliyegonga kuta zote kama daktari anayepima kifua. Gauni la zambarau, mikono ya puto, mkanda wa kitambaa hichohicho.

"Mshono wangu naujua, mama."

Aibu! Nimekimbilia jikoni, eti chai inachemka. Hakuna chai. Naandika haya nimesimama. Anaita kutoka nje, kicheko kimembana:

"Mama! Njoo basi uniambie. Ulipogonga, ulisikia nini?"

Nimejikohoza. Shingo nimeinyoosha. Natoka —