Kopo la Gladness

Feli shoga yangu, mfuniko wa kopo la oats ulilia “kwap!” gizani, umeme umekatika, alfajiri najipikia uji kabla ya jogging. Mara tochi ya simu usoni. Mama mkwe! Alikuwa amelala kwetu.

Unakumbuka anavyomletea mwanangu Gladness oats kutoka kwake Segerea, tangu kliniki waseme uzito wa mtoto haupandi? Ndizo nilizokuwa nazila mie, Feli. Mie mama yake! Nilianza na kijiko kimoja tu, nipunguze tumbo. Mtoto nampa uji wa sembe.

Wala hakunishuku. “Umeamka mapema hivi kumpikia mwanao? Mungu akubariki, mwanangu.” Akubariki! Na mie nikajibu, “Ahsante, mama.” Feli, nilisema ahsante!

Kulipokucha nikamwekea Gladness bakuli la oats zile zile. Bibi yake kakaa karibu, anatabasamu.

“Kula, mke mwenzangu. Si ndo chakula chako cha kila siku?”

Namkonyeza mtoto, hanioni. Akaonja, akakunja uso, akalisukuma bakuli kwangu.

“Bibi, hiki ni chakula cha mama.”