Mke Wangu Anamwandika Mwanamume wa Ujiji

Mpendwa Bi Maulida, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mke wangu anasafiri tena, na nikimwacha aende sitakuwa na amani, na nikimzuia naona nyumba itavunjika. Majina nimeyabadilisha yote, lakini mambo ni ya kweli, na ukiyasoma redioni nakuomba usicheke.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Kimwani, Muleba, ndoa yetu ya kanisani ina miaka kumi na sita, na mke wangu, nimwite Mama Koku, alikuwa mwalimu akaacha akawa mwandishi wa hadithi fupi, wala sikumkataza, tena mimi ndiye niliyemchongea meza ya kuandikia. Tangu kitabu chake cha kwanza kitoke anaitwa huku na huku, mara Kigoma, mara Lindi, mara Kampala, na kila akirudi anakuja na hadithi, na katika kila hadithi, Bi Maulida, kuna mwanamume.

Wa Kigoma anaitwa Uledi, fundi cherehani wa Ujiji. Kuna mwanamke mgeni amekaa kwake hana hamu ya chakula, basi huyo Uledi anachukua sinia la senene, wale panzi wa kuliwa, anawanyonyoa mmoja mmoja, mbawa kwanza halafu miguu, anamkaangia, na mtu akibisha hodi analisukuma sinia chini ya kiti na kujifanya anatafuta uzi. Nimeisoma hadithi hiyo mara tisa. Mwanamume gani mwenye akili zake ananyonyoa senene? Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake tangu enzi za mababu. Mimi niliifanya mara moja tu, Mama Koku alipolazwa hospitali ya Rubya ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza, anatamani senene, na mama yangu mzazi bado alishika mambo ya zamani kwamba mwanamke hali senene, basi nikajifungia jikoni nikawanyonyoa mwenyewe nikampelekea kwenye kopo, na namshukuru Mungu hakuna aliyeniona. Sasa leo mke wangu anamsifu mwanamume mwingine kwa jambo hilohilo!

Halafu nikagundua kitu. Mzee wa korosho wa Lindi na dereva wa Kampala ni Uledi huyohuyo, amebadilishwa jina na mji tu, maana wote watatu wanafuta mkono kwenye goti la kushoto kabla ya kusema jambo zito. Kitu kama hicho mtu hakibuni, anakiona kwa macho tena kwa karibu. Rafiki yangu Mutalemwa naye amesoma, na juzi baada ya misa akaniuliza mbele ya watu, "Baba Koku waitu, ndugu yangu, huyo shemeji yetu wa Ujiji anakuja lini kutusalimia?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni wivu uliniwaka mpaka nikashindwa kula.

Basi nikafanya kosa, au labda si kosa, utaniambia wewe. Nimelichukua daftari lake la safari, lile anamoandika hadithi mpya, nimelificha stoo nyuma ya magunia ya kahawa, nikamwambia hatalipata mpaka aniambie Uledi ni nani. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki akasema, "Baba Koku, kama mpaka leo hujamjua, mimi siwezi kukusaidia." Tangu siku hiyo amehamia chumba cha Koku, ananisalimia kama mgeni.

Daftari nimelisoma lote. Hadithi ya mwisho ni ya mwanamke anayerudi kutoka safari ya mbali, anaweka begi chini, mumewe anasikiliza redio, anauliza bila kuinua kichwa, "Basi lilichelewa?" na mwanamke anakwenda jikoni kumenya ndizi. Imeishia hapo, haina Uledi wala mwanamume mwingine wa kumhofia, na kwa kweli hiyo ndiyo iliyonipa nafuu kidogo. Sasa nishauri, nimzuie safari ya Jumamosi, au niende Ujiji nikamtafute huyu mtu tuzungumze kiume?

Ni mimi, Mume wa Mwandishi, Kimwani.

MAJIBU YA BI MAULIDA

Mume wa Mwandishi, pole. Wivu ni ugonjwa, na wewe umeuguza wako kwa bidii kuliko unavyohudumia kibanja chako cha kahawa. Umeniomba nisicheke. Nimejitahidi, lakini fundi mitambo wetu hapa studioni Bakoba ameshindwa, ametoka nje.

Ujiji usiende. Nina wifi yangu kule, niliwahi kukaa kwake siku tisa, nikala samaki, migebuka na dagaa, mpaka nikakoma. Sinia la senene sikuliona, wala fundi cherehani anayelificha chini ya kiti watu wasijue. Na kwa nini mwanamume wa Ujiji aone haya kunyonyoa senene? Haya hiyo si ya Ujiji. Ni ya kwenu, Muleba, ya mwanamume aliyejifungia jikoni akiogopa mama yake asimkute.

Bado hujaelewa? Tazama suruali uliyovaa. Goti la kushoto. Nakuhakikishia limechakaa kuliko la kulia.

Ndugu yangu, hadithi hupikwa kama katogo, ndizi za shamba hili na maharage ya shamba lile, chungu kimoja. Mkeo anakwenda Kigoma analeta cherehani na jua la ziwani, anakwenda Lindi analeta korosho, lakini anapotaka mwanamume wa kupendwa na msomaji hana mwingine wa kumchukua, anakuja kumchukua Kimwani. Siwezi kukuapia lolote kuhusu safari za mtu, sikuwa naye. Nakuambia kilichomo katika barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba unashukuru hakuna aliyekuona siku ile. Mkeo alilifungua lile kopo, akajua ni mikono ya nani. Amekutembeza nchi nzima na kuvuka mpaka, anawaonyesha watu alivyopendwa. Na wewe umemwibia daftari.

Ndiyo, umeiba. Usiniulize kama ni kosa.

Tena kuna jambo linalonikera zaidi. Hadithi iliyokupa nafuu ndiyo ingekutoa jasho. Haina Uledi, umesema, ukafurahi! Baba, Uledi hayumo kwa sababu mwandishi amerudi nyumbani hakumkuta. Amemkuta mtu na redio. Miaka kumi na sita, Kigoma, Lindi, Kampala, umewahi kumwuliza hata mara moja ameona nini huko? Barua yako ni ndefu, nimelitafuta swali hilo sijaliona. Unamwonea wivu mtu uliyekuwa wewe zamani, na hilo ndilo la kuogopa, maana mkeo anaanza kuzoea kuandika bila yeye.

Sasa fanya hivi. Daftari litoke stoo leo, kabla hujala. Mpe mkononi, usiliweke mezani kama mtu aliyeliokota njiani, na useme, "Nimemjua." Maneno mengine hayahitajiki, na asipokujibu usimdai jibu, umemnyima usingizi siku nyingi. Jumamosi mbebee begi mpaka kituoni. Akirudi, mpokee huko huko kituoni, na mkifika nyumbani hiyo redio izime. Mimi mwenyewe nakuambia, hata kama ni kipindi changu. Kaa, mwulize, sikiliza mpaka amalize.

Na senene wakianguka mwezi wa kumi na moja, chukua sinia. Wanyonyoe barazani, mchana kweupe, mbawa kwanza halafu miguu. Mutalemwa akipita akakuuliza shemeji wa Ujiji anakuja lini, futa mkono gotini umwambie amefika zamani, ndiye huyu mwenye sinia anayemsalimia.