Kitabu cha Mume Wangu Kimemchukiza Mama

Mpendwa Mshauri Wubalem,

Nisaidie kabla ya Jumapili. Nina wiki tatu za ndoa na bado natembea nikicheka peke yangu, maana mume wangu Getnet anaandika vitabu vya Kiingereza vya kuwaongoza watalii hapa Gondar, na lugha hiyo ameileta mpaka chumbani, akiamka ananiita "kivutio cha kutokosa", mchuzi wangu wa shiro, wa unga wa dengu, anauita "ladha halisi ya wenyeji", na siku aliyonichumbia alisema, "Mwenye siku moja tu Gondar, aitumie kwa Bizunesh," nami nikalia kwa furaha.

Juzi alimsomea mama yangu ukurasa unaomhusu, huku akimtafsiria: "Katika nyumba hii kongwe yenye mvuto, bibi mchangamfu atakukarangia kahawa. Mwenye haraka anaweza kuondoka baada ya kikombe cha kwanza."

Mama akatua birika. "Mtu aondoke kwangu kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka? Kwani nimemfukuza?"

"Mama, ni lugha ya vitabu tu," Getnet akajitetea. "Gari la watalii huwa linawasubiri."

"Lisubiri! Na bibi ni nani? Bibi mchangamfu ni mama yako!"

Amekataa kuja Jumapili kwenye karamu yetu ya kupokea wakwe, na bila yeye karamu haipo. Kitabu kinapigwa chapa Ijumaa. Kinachoniuma zaidi, wazo la kikombe kimoja nilimpa mimi, kwa kuwa enzi za uchumba tulikuwa tunakunywa kimoja hapo kwa mama kisha tunatoroka kwenda kutembea, na Getnet wangu mtamu amekubali kutukanwa bila kunitaja. Nifanyeje?

Bizunesh, Gondar

MSHAURI ANAJIBU

Bizunesh, hongera kwa ndoa, na uone haya kidogo. Mumeo anasemwa kwa kosa lako, nawe umekaa pembeni unaitwa kivutio! Nimecheka mpaka chai ikanipalia, lakini mama yako hakukasirikia Kiingereza. Amesikia mkwewe akiwafundisha watu kumkimbia, akadhani ndivyo na mkwe mwenyewe anavyotamani.

Kesho asubuhi nendeni wote wawili. Kiri wewe, kwa mdomo wako, kabla kahawa haijachemka. Getnet anywe vyote vitatu na asisifu kitu. Akianza habari za mvuto, mkanyage mguu. Mama akishamaliza kukugombeza, yeye aseme, Getnet aandike ukurasa ule upya kwa maneno yake. Nawajua mama wa aina hiyo, atasema: "Kama huna muda wa vikombe vitatu, pita tu. Ngome ya wafalme iko mbele, na mawe yake hayana kinyongo."

Getnet asiongeze hata neno.