Rafiki Yangu Ana Tatizo

Alhamisi, 5 Machi
Siku ya tatu sijagusa chupa. Mikono inacheza. Asubuhi nimemwachia mteja kisogo chenye ngazi—nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Kalipa, kaondoka anajitazama kwenye kila dirisha.

Natafuta hivi vikundi vya watu walioacha pombe. Utauliza wapi? Ukiuliza mtaani, kesho hata mbuzi wanajua. Basi nikamvizia mteja wangu mmoja, mtu wa posta, kwenye kiti cha kunyolea, uso mzima povu, hawezi kunigeukia. Nikamwambia nina rafiki yangu ana tatizo la kinywaji. Akajibu kutoka ndani ya povu: mwambie Jumanne saa kumi na moja jioni, ukumbi wa nyuma ya maktaba, mlango wa kijani. Nikasema nitamfikishia.

Jumamosi, 7 Machi
Binti yangu kapita mara moja na Pilipili, mjukuu wangu wa miaka mitano. Pilipili akaniuliza kwa nini simfuati tena shule. Binti akatazama dari. Mimi nikatazama viatu.

Novemba nilikwenda kumchukua nimelewa chakari. Mwalimu akakataa kunipa mtoto, nikamtukana mbele ya wazazi wote. Nikaondoka napepesuka. Jina langu likafutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua. Binti alisema: Baba, wewe sikukatai, lakini mwanangu simkabidhi kwa mlevi. Hakukosea.

Nataka jina langu lirudi kwenye ile karatasi. Basi, sitaki kingine.

Jumanne, 10 Machi
Mlango wa kijani nimeupita mara tatu. Mara ya nne ukafunguka wenyewe—mtu wa posta, birika mkononi! Akauliza, rafiki yako hajambo? Nikamwambia kabanwa na kazi, nimekuja kumsikilizia. Akanivutia kiti.

Watu tisa. Kila mtu anataja siku zake. Zamu yangu ikafika, na mimi, ambaye wateja huniomba ninyamaze, ulimi ukagoma. Nikaona bora nieleze habari za rafiki yangu. Anavyoficha chupa kwenye pipa la nywele. Anavyokunywa kabla ya kufungua duka ili mikono itulie. Dakika kumi natiririka tu. Mama mmoja, fundi viatu, akasema maskini huyo rafiki, mwambie viti vipo. Hakuna aliyecheka. Tulipotoka nje ndipo wakaangua kicheko, na mimi pia, mpaka mbavu zikauma.

Jumanne, 17 Machi
Nimeanza tena na rafiki yangu. Fundi viatu akanikatiza: kinyozi hajinyoi, bwana, ndiyo maana tuko hapa, kaa tukunyoe.

Nikasimama. Mimi ni mlevi. Leo siku ya kumi na tano.

Nimelia mpaka kamasi. Kisha nimekula biskuti sita. Mtu wa posta kasema daftari hili nitembee nalo mfukoni, kiu ikija niandike. Najisikia mwepesi, kusema kweli.

Jumatano, 18 Machi
Yule wa kisogo cha ngazi karudi. Anataka vilevile. Mikono imeshatulia, imebidi ngazi nizikate kwa makusudi.

Jumapili, 22 Machi
Nimemweleza binti yote, mpaka pipa la nywele. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Ijumaa ana zamu ndefu hospitali, atawaambia shule waniandike tena. Siku moja tu, tuone. Nimeitikia taratibu, kama mtu mzima. Nilipokata kona nimecheza peke yangu barabarani.

Ijumaa, 27 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la shule.

Nilikuwa nasafisha mashine, nikatupia jicho saa—nimechelewa! Nikaigonga chupa ya spiriti, ikanimwagikia kotini. Sikujali, mtu wa saluni pua yake ilishaizoea ile harufu. Nikatoka mbio.

Mwalimu ni yuleyule. Jina langu lipo, nimeliona kwa macho yangu. Akainama kunisalimia, uso ukabadilika. Babu, unanuka pombe. Nikamwambia ni spiriti ya kusafishia mashine. Hata mimi niliyesema nikaona yanasikika kama uongo. Mlevi gani amewahi kukosa sababu?

Hasira zile za zamani zikapanda. Mguu mmoja ulishatoka getini. Nikaurudisha. Nikamwambia, ni haki yako mwalimu, mpigie mama yake, mimi nakaa hapa. Na kwa ya Novemba nisamehe, nilikukosea sana. Akaingia ofisini.

Kapiga simu. Dirisha liko wazi, nasikia upande wake tu. Ndiyo, ananuka. Anasema ni spiriti. Hapana, hajatukana. Hapana, hajaondoka. Yupo kwenye benchi, anaandika.

Kisha anasikiliza tu. Nimeuma kalamu mpaka kifuniko kimepasuka. Naogopa, kuliko nilivyoogopa mlango wa kijani.

Sasa katoka. Ananitazama kama ananipima kofia. Anasema binti yangu hakuuliza habari za harufu, kauliza tu kama bado nipo. Kamwambia baba yake akiwa amelewa hajawahi kumsubiri mtu.

Pilipili kabandika pua kwenye kioo, begi mgongoni. Mwalimu kasema ningoje kwanza, anakwenda kumuuliza mwalimu mkuu kama aniachie mtoto. Nangoja.